Pango la Likoni na Buti za Mume Wangu

Msimu wa kutembea kwetu ni vuli, na katika hilo sibishani na mtu. Masika matope yanakumeza hadi magoti, na kiangazi jua linapasua kichwa. Vuli mvua hupiga kidogo ikaenda zake, miti ya mikungu ikaangusha majani mekundu, na msitu mzima ukanukia udongo.

Vuli moja, baada ya vita, nilitamani kuliona pango lililoko msituni kusini ya Likoni. Katekista wetu alitukataza, akisema ni makao ya mizimu. Mimi sikwenda kuabudu chochote. Nilitaka kujua lina kina gani, popo hulalaje mle, na maji yake hutoka wapi. Mama yangu alizoea kusema macho yangu yana njaa.

Tena nilitaka kumtoa mume wangu nyumbani. Alikuwa amerudi kutoka Burma na buti za jeshi miguuni, asizivue. Alilala nazo. Akienda kuoga, alijifungia mlango, akatoka na kamba zimeshakazwa. Nikimuuliza habari zake hunijibu, "Mzima," basi. Niliogopa kwamba zilizorudi ni buti tu, mwenyewe amebaki huko.

"Twende tukalione pango," nikamwambia.

"Lina nini?"

"Ndilo ninalotaka kujua."

Nadhani alichoka kunisikia, akakubali. Tulifuata kinjia chembamba kati ya mizizi na mawe ya matumbawe. Kila mti niliuliza jina lake, naye akazidi kwenda mbele. Mlangoni mwa pango tulimkuta bibi mlinzi wa pale akifagia majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Lakini humu hamuingiwi na viatu."

Nilivua ndara zangu upesi, kisha nikaganda. Desturi ile sikuijua. Nilitaka kumwambia mume wangu turudi, pango si kitu, na moyo uliniuma kwa kumleta mahali pa kumfedhehesha.

Alimtazama bibi, akatazama giza la ndani, akaketi juu ya jiwe. Akaanza kulegeza kamba. Nikapiga magoti nimsaidie, akanizuia kwa mkono. Akavua moja, akavua ya pili. Mguu wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole viwili.

Bibi aliendelea kufagia. Mimi nikaziweka buti zake kando ya ndara zangu.

Tukaingia. Popo walining'inia juu kwa mamia, wakisogeleana na kusukumana, na maji yalidondoka kutoka kwenye mwamba yakalowesha chini. Mume wangu alisimama. Akakanyaga mahali palepale tena, polepole.

"Baridi," akasema. Kisha akanishika mkono. "Hebu kanyaga hapa, mke wangu. Ni baridi, lakini tamu."

Nikakanyaga pale alipokanyaga yeye, nikalia.