Tiketi ya Siku ya Idi

Mtaani kwao Fez, hakuna aliyemshinda Bi Zhor kwa kuwinda tiketi za ndege za bei nafuu. Lakini Ramadhani hii, nauli za kutoka Lyon, anakofanya kazi binti yake Ghizlane, zilipaa kupita kiasi. Tiketi moja tu iliuzwa bei ya kutupa: ya siku inayofuata mfungo wa ishirini na tisa, siku ambayo watu wote walishaiita Idi. Nani anataka kufika sikukuu imeshaliwa? Bi Zhor akainunua papo hapo.

"Mwanao atakuja kula makombo!" mumewe, Driss, akamcheka.

"Baba Ghizlane, kwani mwezi umeshauona? Usinichurie!"

Jioni ya mfungo wa ishirini na tisa wakaikodolea macho televisheni, supu ya harira ikiwapoa mezani. Mtangazaji akakohoa: mwezi haujaandama, kesho ni kufunga.

Bi Zhor aliruka, akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia madirishani. Mwanamke gani huyu anashangilia kuongezewa saumu?

"Baba Ghizlane," alisema akihema, "kesho nenda uwanja wa ndege ukampokee huyo mla makombo. Mwambie Idi imemsubiri."