Wiki Tuliyoandika Kazi Zetu Zote

Mama mmoja alikuja shuleni asubuhi akiwa na daftari la binti yake, amelifunika kwa ncha ya khanga ili manyunyu yasilifikie. Alikuwa mkulima wa ufuta, Mmakua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno mojamoja. Binti yake alikuwa kwangu, darasa la tatu.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma," alisema. "Ila kaka yake anasema hizi amepata."

Nikalifungua. Hesabu kumi za kutoa, zote nimezitia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Nikazikokotoa upya palepale. Tisa zilikuwa sahihi. Mtoto yule alikuwa ameacha kunyoosha mkono darasani, nami nilidhani ni uzembe.

"Umechoka, mwalimu?" aliniuliza, wala hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

Nilikuwa nimechoka kweli. Shule yetu, upande wa Mnero wilayani Nachingwea, ilikuwa na walimu watano, ukiacha mkuu wa shule, kwa madarasa saba. Nilifundisha la tatu na la nne kwa wakati mmoja, nikisimama kwenye mlango wa kati. Jumamosi tulikuwa na vipindi vya ziada vya darasa la saba. Kila Ijumaa kulikuwa na taarifa: mahudhurio, chakula, vyoo, miti, kila moja na fomu yake, kisha yaleyale tena kwa simu. Madaftari nilisahihisha huku nikisonga ugali.

Nilikuwa pia mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni. Cheo hicho nilipewa kwa sababu siku ya kuchagua nilikuwa nauguza, na asiyekuwepo hana wa kumtetea. Basi wakati wa mapumziko niliwaonyesha wenzangu lile daftari. Walilipokezana mkono kwa mkono. Kisha mzee wetu, aliyebakiza miaka miwili astaafu, akasema, "Madam, mimi sisahihishi tena. Napiga tiki tu, tangu muhula uanze."

Siku hiyo tulikubaliana jambo dogo: kwa wiki nzima kila mmoja aandike kazi aliyofanya na saa aliyoifanya, bila lawama. Nikawatumia ujumbe wawakilishi wenzangu wa Marambo, nao wakausukuma hadi wilaya jirani ya Ruangwa. Baada ya siku kumi nilikuwa na mfuko mzima wa karatasi. Mwalimu mmoja wa Ruangwa alikuwa ameandika hivi: "Saa kumi na moja jioni: nimekaa chini."

Kikao cha chama kikaamua, na wa Ruangwa wakaamua vivyo hivyo kwao. Tutafundisha kila kipindi kilichopo kwenye ratiba, tutaandaa na kusahihisha. Jumamosi hapana. Taarifa za kila wiki hapana, mpaka tuitwe mezani.

"Mnataka nivuliwe madaraka?" mkuu wetu wa shule aliniuliza.

"Hapana, mkuu. Andika na wewe za kwako."

Alinitazama kama nimemkosea adabu. Kesho yake aliniletea kurasa mbili.

Barua za kutaka tujieleze zilifika upesi kutoka ofisi ya elimu ya wilaya. Mwenzetu mdogo kuliko wote, aliyekuwa bado kwenye kipindi cha matazamio, alilia ofisini. Nami niliogopa, sitaficha. Lakini tulijibu kwa barua moja, sahihi zetu tano chini yake, na ya yule mdogo tukaiweka katikati.

Wazazi nao wakaitisha mkutano. Baba mmoja akasema walimu wa siku hizi ni wavivu. Wengine wakaitikia. Ndipo yule mama wa daftari akasimama.

"Mwanangu alipata tisa, akaandikiwa sifuri," alisema. "Mnataka Jumamosi, au mnataka mwalimu aone?"



Wiki ya tatu tuliitwa Nachingwea mjini. Tulipofika tulikuta walimu wa Ruangwa wametutangulia, wamekuja kwa bodaboda, matope mekundu mpaka magotini, ingawa kikao hakikuwa chao. Ofisa elimu wa wilaya, aliyetuita, akauliza, "Nani kawatuma?"

Nilisimama. "Hatukutumwa, mheshimiwa. Tumekuja na kazi zetu." Nikamwaga karatasi mezani mbele yake na kumwomba achague yoyote asome. Akasoma moja, kisha ya pili. Ya tatu aliisoma mara mbili.

Hatukupata yote. Tuliomba walimu watatu, akaja mmoja, nikabaki na darasa la tatu peke yake. Taarifa zikawa fomu moja kwa mwezi. Jumamosi ikawa hiari ya mwalimu, na barua zile hazikutajwa tena. Binti yule nilimwomba radhi mbele ya darasa, nikamsahihishia upya hesabu zake ubaoni, moja baada ya nyingine. Wenzake walimpigia makofi.

Walimu wa Ruangwa walikuwa bado wanasubiri majibu yao. Siku walipoitwa ilikuwa likizo, na sisi watano wa mwanzo tulipanda gari alfajiri kwenda kwao. Mlangoni mwa ofisi ya elimu tulijitaja, na mlinzi akatuuliza sisi wa Nachingwea tunatafuta nini huko.

"Tumekuja kukaa na wenzetu," mzee wetu akamwambia, na akaingia kwanza.