Mutoto wa Katikati ya Maharagi

Juzi, kwenye kundi letu la wasomaji la kwenye simu, hapa Butembo, walikuwa wanachambua vile vitabu vya hadithi za watu wa kale wa mapangoni, ambamo mwanamke anazaa peke yake porini. "Uongo mtupu! Lakini mwanamke gani ataweza?" aliandika Kakule, ndugu yangu mudogo. Wanaume wenzake wakacheka. Wapumbavu.

Nilikumbuka mchana mumoja shambani, kule Luofu, nikiwa bado mutoto. Udongo ulinuka mvua. Mama alishika mugomba, akang'ata kitenge, akaguna kama mutu anayeinua gunia.

"Masika, geuka, angalia njia," aliniambia.

Niligeuka. Baadaye nikasikia kilio. Mama alikuwa amekata kitovu kwa ganda kali la mwanzi. Mimi niliamini ameokota mutoto kwenye maharagi, nikaanza kupekua mistari, nitafute wa kwangu, wa kike.

"Wacha, tuende kupika," alisema akicheka.

Mimi nimezalia hospitali, waganga wamenizunguka, na bado niliogopa kufa.

Nikamujibu mbele ya wote: "Kakule, uliza mama alikukata kitovu na nini. Halafu rudi utufundishe mwanamke anaweza nini."