Kaka Atawekwa Wapi

"Chini ya nyumba!" nikamwambia. "Hapa hapa kwenye nguzo ya jikoni, alipowekwa kaka wa mama yake mtoto."

"Mama, hapo kina cha maji ni cha sufuria," Kaharu akajibu. "Kaka wa mwanangu akaishi na makopo na maganda ya mihogo? Nampeleka kwenye mlango wa bahari, mkondoni, alipo wangu."

Nyuma ya pazia binti yangu Hasnia alikuwa keshajifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya king'ora cha meli, na mkunga Bi Saenab yuko naye. Mimi na mkwe wangu Kaharu tumekaa mkekani, katika nyumba yetu ya nguzo juu ya maji, tunagombania kondo la nyuma. Sisi Wabajo, watu wa bahari, tunaliita kaka, maana ni ndugu wa mtoto anayetangulia kurudi majini, na alipo kaka, mdogo wake hatulii mpaka amfuate. Wanangu wa kiume, baba yao aliwatupa kaka zao mkondoni. Leo mmoja yuko Makassar, mwingine Sumbawa, na salamu zao naletewa na wauza samaki. Hasnia peke yake ndiye wa chini ya nyumba, na ndiye aliyebaki. Kwa hiyo sikugombana kwa ukaidi mtupu. Ukaidi ulikuwa nusu tu.

Kaharu mama yake alimzalia mashuani, katika mlango wa bahari kati ya visiwa vya Komodo na Rinca, bahari mbili zinapopita kwa kusukumana. Mkondo wa pale si mchezo. Marehemu mume wangu alitupa nanga siku moja, nanga ikafika nyumbani kabla yake. Mimi mwenyewe nilimwona samaki aliyevuliwa magamba yote, yuko uchi, kajificha nyuma ya jiwe kwa aibu. Anayebisha akamuulize samaki.

Humo ndimo Kaharu anamozamisha wageni, ndiyo kazi yake. Hawaogelei, wanajiachia tu. Maji yanawapitisha kando ya mwamba kama nguo zilizomponyoka dobi, na mitungi yao ya hewa mgongoni, wakitazama kasa na papa. Mwishoni Kaharu anainua boya lake refu la rangi ya chungwa, mashua iwafuate walikotupwa. Amri yake ni moja, usishindane na maji. Mgeni mmoja alishindana, akarudi bila masharubu. Safari nyingine mkondo uliwatupa Kaharu na wageni wake kisiwa cha jirani, penye harusi. Wakala wali, wakacheza, wakatoa zawadi ya miwani ya kuzamia. Bibi harusi anaivaa mpaka leo akikata vitunguu.

"Si unaona, Mama? Siku zote narudi. Kaka yangu yuko mle, ananishika mkono."

"Unarudi kula. Bila mihogo yangu ungeshahamia kwa papa."

"Papa hawana maneno mengi."

"Wala hawana binti wa kukuoza, na sura hiyo!"

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nikacheka, lakini hakuna aliyelegeza.

"Mtoto wa kike aende mkondoni kufanya nini?" nikamuuliza.

"Wewe si ulikuwa unazama na mimba ya Hasnia tumboni?"

"Nilizamia chaza, mwanangu, sikuzamia wazungu." Nikashusha sauti. "Kaharu, nyumba hii ikibaki na sauti yangu peke yangu, nitagombana na nani?"

Akajikuna kidevu.

"Na siku mkondo ukinitupa mbali, Mama, mwanangu asiyeyajua maji atanitafuta vipi?"

Nikafuta kahawa iliyomwagika. Nilikuwa bado nalitafutia swali hilo jibu, la kweli au la uongo, lolote ambalo lingekuja kwanza, mlango wa jikoni ulipofunguliwa. Akaingia Bi Saenab kutoka nje, kanga imelowa mpaka magotini, mkononi kifuu kitupu.

"Mama mtoto amechoka kuwasikiliza," akasema. "Kaniamuru kaka awekwe chini ya nyumba, maji yakianza tu kupwa. Nimeshateremka, nimeshamweka."

Maji yakipwa chini ya nyumba zetu, yanakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa bahari, mkondoni kwa Kaharu.

Kaharu akachungulia kwenye nafasi za mbao za sakafu, akanitazama, akafungua mdomo. Mimi wangu ulikuwa wazi tayari.

"Shii!" akasema Bi Saenab. "Mtoto amelala."