Mishono Mitatu ya Mama Pindo

Tumegawana kibaraza kimoja kwa miaka kumi na moja, yeye na cherehani yake upande wa dirisha, mimi na viatu vyangu upande wa mlango, na katika miaka yote hiyo hatujagombana zaidi ya mara mbili, zote kwa sababu ya redio. Jina la Mama Pindo alipewa na mtaa kwa kuwa nusu ya kazi yake ni kupunguza suruali za watu wafupi walionunua ndefu. Mumewe ni mwashi. Yeye tunamwita Pimamaji, kwa jina la kile kifaa cha kupimia kama ukuta umelala sawa, maana hakikuwa kinamtoka mkononi hata akienda kunyolewa.

Mama Pindo alikuwa na desturi moja aliyofundishwa na mwanamke aliyemfunza kazi. Kila suruali iliyopita mikononi mwake aliiwekea mishono mitatu ya uzi mwekundu, upande wa ndani wa pindo, mguu wa kushoto. Huioni mpaka ugeuze pindo. Alifanya hivyo kwa sababu ya wateja wajanja, wale ambao nguo ikiharibiwa na fundi mwingine wanakuja kudai kwake. Aligeuza pindo, akatazama, akasema, "Hii si yangu, mrudishie mwenyewe." Mjadala ukaishia hapo.

Sasa, mtaa wetu ulikuwa na genge. Walianza kwa kupora simu, wakaishia kuua. Muuza magazeti wa kona walimuua mchana kweupe kwa sababu alikataa kuwafichia mzigo chini ya meza yake, na alilala pale saa nzima kabla mtu hajathubutu kumfunika. Mimi ni mmoja wa ambao hawakuthubutu. Kwa hiyo serikali ilipotangaza operesheni, sitadanganya, nilifurahi. Sote tulifurahi.

Operesheni ikaja na vizuizi kila njia panda. Wiki ya pili watu wawili wa genge waliuawa katika kurushiana risasi na askari. Aliyezikagua maiti zile alikuwa na macho makali, maana katika suruali zote mbili alikuta mishono mitatu ya uzi mwekundu, ndani ya pindo la kushoto. Angeuliza mtaani, mtu wa kwanza tu angemwambia. Hakuuliza. Kesho yake msemaji akatangaza redioni kwamba genge lina alama ya kiapo, na alama yenyewe ni hiyo.

Mama Pindo alisimamisha cherehani, mkono ukabaki kwenye gurudumu.

"Kaka fundi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Wale watu niliwashonea mimi. Walikuja kama wengine, nikawapima viuno."

"Hilo usiliseme tena mbele ya mtu," nikamwambia, huku nikigeuza pindo langu. Mishono ilikuwepo. Kama ni kiapo, basi mimi nilikula kiapo siku tumbo liliponizidi nikaomba kuongezewa kiuno.

Kuanzia asubuhi iliyofuata askari wa vizuizini wakawa wanageuza mapindo ya wanaume. Watu wakajifungia ndani na nyembe, wakafumua. Hapo likazaliwa balaa jingine, kwa sababu uzi ukifumuliwa huacha vitundu, na askari wakaambiwa vitundu ni ushahidi wa kuficha. Ukiwa na uzi, unakwenda ndani. Ukiwa na vitundu, unakwenda ndani. Mimi nilivaa kaptura ya mtumba wiki nzima, mtu wa miaka hamsini na nane, na miguu yenyewe ndiyo hii.

Pimamaji walimchukua Jumanne asubuhi akielekea kazini. Mwanamume ambaye mkewe ana cherehani atavaa suruali ya fundi gani mwingine? Wakamweka kituoni pamoja na wengine wa mitaa yetu. Kila Ijumaa karandinga lilikuja kuwahamishia mahabusu gereza kubwa, na waliohamishwa huko hakuna aliyejua kesi zao zingesikilizwa lini, wala ndugu hawakuruhusiwa kuwaona. Kwa Mama Pindo dunia yote ikawa jambo hilo moja, mumewe atoke kabla karandinga halijambeba.

Jumatano aliniambia anataka kwenda kituoni kusema uzi ni wake.

"Jirani," nikasema, "ukisema uzi ni wako, umesema wewe ndiye fundi wa genge. Watakuweka chumba cha pili. Na hao wa genge waliobaki watajiuliza ulifuata nini polisi. Funga mdomo, utulie. Mwashi yule anajulikana, wataona wenyewe wamekosea, watamwachia."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Sikujua chochote. Niliogopa, basi, kwa sababu kibaraza ni kimoja na wakija kwake wamekuja kwangu.

Akanisikiliza. Ijumaa karandinga likabeba watu kumi na mmoja. Pimamaji alikuwa wa kumi na mbili kwenye mstari, gari likajaa, akarudishwa ndani. Kati ya wale kumi na mmoja alikuwemo muuza maji wetu, mtu mpole aliyepita na mkokoteni wake kila asubuhi akitusalimia kabla hatujamwona. Suruali yake nyingine ilikuwa inaning'inia msumarini kwa Mama Pindo, ikingoja zipu.

Jumamosi mama mkwe wa Mama Pindo alifika kibarazani, hakukaa. "Mwanangu yuko ndani kwa uzi wako," alisema, "nawe uko hapa unasukuma cherehani." Akaondoka zake. Siku ile Mama Pindo alishona shati moja akalifumua, akalishona, akalifumua tena.

Jumatatu alipiga moyo konde. Alikuja amevaa gauni lake la kwendea harusini.

"Nakwenda. Unanisindikiza au unabaki na viatu?"

Nikamsindikiza, na kaptura yangu.

Mkuu wa kituo alikuwa nyuma ya meza yenye kioo kilichopasuka, koplo mmoja akiandika pembeni. Mama Pindo hakungoja kukaribishwa kiti.

"Afande, ule uzi mwekundu ni wangu."

"Wako kivipi, mama?"

Akaeleza yote, tangu mwanamke aliyemfunza mpaka wateja wajanja. Mkuu alimsikiliza kidole kikiwa shavuni.

"Kwa hiyo unakiri unawashonea wahalifu."

"Namshonea anayeleta nguo. Uhalifu haujaandikwa usoni, afande. Ungekuwa umeandikwa, nanyi msingehangaika na mapindo."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Na nitajuaje ni alama yako, si yao?"

"Mwaka juzi mliletewa sare mpya, zote ndefu. Mlizileta kwangu mzigo mzima nizipunguze. Naomba ugeuze pindo lako. Mguu wa kushoto."

Koplo akaacha kuandika, akaanza kutafuta kitu sakafuni. Nadhani yeye alishageuza la kwake siku nyingi, akanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Mkuu alisukuma kiti nyuma, akainama kwa shida, tumbo likimbana. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Aliponyanyuka uso ulikuwa umemwiva.

Hakuomba radhi. Aliuliza tu, "Umekuja na mkasi?"

Tulikaa kwenye benchi la kituo mpaka saa tisa alasiri. Askari waliingia chumba cha nyuma kwa zamu, wakavua suruali, wakangoja wamejifunga mashuka, na Mama Pindo akafumua uzi, suruali thelathini na nne. Moja moja alizipitisha mbele ya macho ya mkuu.

"Vitundu vinabaki, afande."

"Achana na vitundu, mama."

Jioni ile Pimamaji aliachiwa pamoja na wenzake kumi na tisa. Alitoka amekonda, akauliza kifaa chake kiko wapi, akaambiwa hakikuandikwa popote. Mkewe alimshika mkono njia nzima, jambo ambalo sikuwahi kuwaona wakifanya. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, na sioni haya kulisema.

Tangazo la redioni halijafutwa hadi leo. Askari waliacha tu kugeuza mapindo, kimyakimya, kama hawakuwahi kugeuza. Genge limepungua, hilo sikatai, na kona ile ina muuza magazeti mwingine. Ila wale kumi na mmoja hawajarudi. Tulipouliza tuliambiwa mafaili yao yalikwenda na gari, na huko yaliko si kazi ya kituo hiki.

Mama Pindo haweki tena alama. Wateja wajanja wamemrudia, naye anazipokea nguo zao zilizoharibika bila kubishana.

Mwezi uliopita mama yake muuza maji alikuja kuchukua suruali ile iliyokuwa msumarini. Alitaka mwanawe akirudi akute nguo safi. Mama Pindo alimpa imeshatiwa zipu na kupigwa pasi. Mama yule aliikunja kifuani, kisha akauliza, taratibu tu, bila ugomvi.

"Mwanangu, wewe ulikwenda kituoni siku gani?"

"Jumatatu, mama."

"Na gari liliondoka Ijumaa."

"Ndiyo."

"Ile Ijumaa ulikuwa hujajua kama uzi ni wako?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, kiatu cha mtu mkononi. Alichotakiwa kufanya Mama Pindo ni kugeuza shingo tu aniangalie. Hakugeuka.

"Niliogopa, mama," alisema.

Mama yule akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na suruali. Mimi sikusema neno, na mpaka leo sijasema.