Avoine ya Mama Kavira

Siku yangu ya kwanza kazini nilitafuna chakula cha ng'ombe mbele ya wakubwa. Chef de station, mkuu wa kituo chetu cha kilimo, mtu wa Kasai aliyetumwa kwetu milimani Lubero, alinipa mabua mawili ya avoine, nafaka ndugu ya ngano tunayoipandia mifugo. "Tafuna, Mademoiselle Masika. Mwalimu wa kwanza ni meno." Nikatafuna. La kwanza lilikuwa laini, lenye utamu kidogo. La pili, kama kamba. Wote wakacheka, nami nikacheka kuwapita, maana nilikuwa nimepata kazi ya État, ya serikali, na hata wangeniambia nile kihori chenyewe ningekula!

Ndipo akanifundisha kwamba avoine si moja. Kuna aina ya mbio, inayotoa masuke upesi: punje zake zina nguvu, lakini majani ni machache na bua hukauka mapema. Kuna aina ya polepole, yenye majani mapana, na ndani ya majani ndimo iliko protini, ile inayojenga mwili na kuleta maziwa. Kuna hata yenye punje zisizo na ganda, nzuri kwa kuku na nguruwe. "Usiulize tu ipi ni nzuri," alisema. "Uliza nzuri kwa nani, na ikatwe siku gani." Nikaandika, nikadhani nimejua.

Nilitumwa Beni, ambako joto liliichoma avoine yangu yote. Chef de service, mkuu wangu wa huko, mama mkali wa Kisangani, akaniambia: "Masika, huku panda majani ya tembo, acha kiburi." Alisema kweli. Nikaenda Kanyabayonga, nikaolewa, nikazaa, kisha wakanirudisha milimani, Madame Agronome mzima, mtaalamu wa kilimo, kifua mbele.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilimpa Mama Kavira mbegu ya aina ya mbio. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake, kitoto kilichofiwa na mama. Nilimwambia avoine itaota haraka. Sikumwambia aikate lini. Kosa langu hilo, silifichi.

Sisi Banande, watu wa milima hii, tunaiheshimu nafaka. Nani atakata ngano ikiwa kijani? Watasema umerogwa. Basi Mama Kavira alingoja mpaka shamba likawa la manjano, majirani wakamsifu, akavuna, akapura punje akaziweka mbegu, na mabua yaliyobaki akampa ng'ombe.

Wiki mbili baadaye akaja bureau, ofisini kwangu, analia. "Madame, avoine yako iko mubaya. Ngombe anakula, lakini maziwa hapana, kikombe kimoja tu! Siku ya soko ntamupeleka Kirumba kwa ba-boucher bamuchinje. Na mutoto atakunywa nini?"

Nikamfuata mpaka kwake. Kihorini ng'ombe alikuwa amechagua vijani vichache na kuacha rundo zima la mabua, makavu kama ufagio. Maskini alikuwa anashiba nyuzi.

"Mama, hii ni majani ya kufunika nyumba," nikamwambia. "Lakini kosa ni ya mimi. Avoine ya ngombe tunakata wakati suke iko ingali mu tumbo ya bua."

"Tukate nafaka yenye mimba?" akashangaa. "Mama yangu angenipiga!"

"Angenipiga mimi kwanza."

Akacheka, machozi yangali mashavuni. Soko lilikuwa baada ya siku nne. Kila asubuhi nilimletea mzigo wa aina ya polepole kutoka shamba letu la majaribio, kijani, ulioanikwa kidogo usimvimbishe ng'ombe tumbo. Siku ya kwanza, kikombe. Ya pili, kikombe. Ya tatu, kikombe na nusu. Siku ya soko nilifika mapema, nikiogopa kukuta kamba tupu. Nikamkuta Mama Kavira amechuchumaa kando ya ng'ombe, anaimba, na ndoo yake ndogo inakaribia nusu.

"Wasingya, asante, Madame! Ba-boucher ba Kirumba bakule maharagwe leo!"

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Vulamba, na vijana wa chuo hunijia na karatasi za maabara wakiuliza aina ipi ina protini zaidi. Nawaambia ni ya polepole, lakini ukichelewa kukata hata hiyo inakuwa kuni. Karatasi haijui ulikata siku gani.

Siku ya kuniaga kazini, chef wetu kijana alisoma hotuba ndefu: Madame Masika amefanya kazi bila kosa. Nikamkatiza. "Hapana, Chef! Kosa niko nalo, na nimelialika hapa mulione." Mama Kavira akasimama katikati ya watu na mjukuu mgongoni, mnene, mashavu yakimeremeta, nami nikaeleza yote, tangu mbegu mpaka ndoo. Walipiga makofi mpaka nikalia bila aibu. Cheti kilikuwa mkononi mwangu, lakini kazi yangu ilikuwa pale mgongoni mwa bibi yake, inanyonya kidole.