Teriyaki ya Shemeji

Shemeji yangu hakuwa na ulimi. Nasema ulimi wa kuonja, maana ule wa kusema alikuwa nao wa kuwatosha watu watatu. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa duka la ushirika hapa Tukuyu. Alikaa mbele ya rafu tupu akiwaambia akina mama kwamba sukari hakuna, na aliwaambia kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi yake. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaambiwa ajitafutie, duka likafa, yeye akaibuka mfanyabiashara. Alipaka chokaa nyumba aliyoachiwa na baba yake mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, akaigawa vyumba sita, akatundika kibao cha hoteli, na tangu siku hiyo akataka aitwe Mkurugenzi. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, alimwita Mkurugenzi hata walipokuwa wawili tu sebuleni. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Mimi nilikuwa mpishi wao. Dada alikuja kunichukua kijijini kwetu Matwebe kwa sababu nilijua kupika na nilikuwa nimefika kidato cha pili, na hoteli ilihitaji mtu wa kusoma lebo za makopo yaliyoanza kujaa madukani. Nilipika ndizi, wali, maharage, kuku wa mchuzi. Wageni walikuwa madereva wa malori na wanunuzi wa chai, nao walikula wakamaliza, wakaniletea sahani jikoni wenyewe. Shemeji hakupenda jambo hilo. Aliona ni ushamba.

Kisha akaenda semina Dar es Salaam, siku nne. Akarudi na tai na neno moja jipya.

"Terijaki," alisema, amesimama katikati ya jiko langu na viatu vyenye matope. "Unaijua?"

"Siijui, shemeji."

"Huwezi kuijua. Ni sosi ya Kijapani. Nimeila hotelini. Wiki ijayo anakuja Mjapani, mtaalamu wa madaraja, atalala hapa siku saba. Nataka akifungua mdomo akute chakula cha kwao. Atalia machozi."

Alinipa karatasi iliyochanwa kwenye gazeti la Kiingereza, na chupa ya sosi ya soya aliyoinunua Mbeya. Aliiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka mtoto mchanga. "Siku hizi Mbeya hukosi kitu," alisema, na ungedhani ni yeye aliyeijaza Mbeya vitu.

Nilisoma ile karatasi. Haikuwa na maajabu yoyote: sosi ya soya, sukari, tangawizi, kitunguu saumu, na mvinyo wa mchele ambao hatukuwa nao. Ukiondoa chupa na mvinyo, vyote vilikuwa vinauzwa sokoni kwetu, na tangawizi ilikuwa inaota nyuma ya choo.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilimimina kila kitu kwenye sufuria kwa pamoja, mkaa ukiwa umewaka vizuri mno, nikageuka kutoa maganda ya ndizi. Niliporudi sukari ilikuwa imeshaungua. Sosi ilikuwa nyeusi kama lami, inatoa mapovu mazito, na harufu yake ilinikaba koo. Nilikuwa nimeshika sufuria kwa kitambaa, naelekea nje kuimwaga, ndipo Mkurugenzi akaingia.

"Lete nionje."

Ningeweza kumwambia imeungua. Sikumwambia. Nilimpa kijiko, nikasimama nikamtazama. Alilamba, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole.

"Ndiyo hii hasa," alisema. "Hii hii niliyokula Dar. Umeona? Nilijua tu kwamba ukielekezwa unaweza."

Hapo ndipo heshima yangu kwake, ambayo haikuwa nyingi, iliisha kabisa. Mtu aliyekula kitu akakisifia siku tatu mfululizo hakuweza kukitofautisha na masizi. Nikajiuliza ni mambo mangapi mengine aliyokuwa akiyasema kwa macho yaliyofumbwa namna ile.

Siku mbili baadaye nilichukua karatasi na kiasi cha soya iliyobaki nikaenda kwa bibi mmoja jirani yetu. Watu wake walikuwa wamekuja kutoka pwani zamani, na yeye aliuza viungo kwenye baraza la nyumba yake. Alikuwa Mwislamu mshika dini, mkavu, asiyecheka ovyo. Alichovya kidole kwenye sosi.

"Hii ni chumvi iliyovaa nguo nyeusi," alisema. "Humu umeambiwa utie nini?"

Nilimsomea. Nilipofika kwenye mvinyo alinyanyua mkono.

"Huo hauingii kwenye sufuria yangu. Kwani mvinyo unafanya kazi gani humo? Unaleta utamu na uchachu kidogo. Tutatia maji ya nanasi. Haya, mwanangu, twanga tangawizi, na usitwange kama unamchukia mtu."

Tulipika kwa moto wa makaa machache yaliyofunikwa majivu. Alinifundisha kutanguliza tangawizi na kitunguu saumu katika maji ya nanasi mpaka vitoe harufu, kisha soya, na sukari mwisho kabisa, kidogo kidogo, bila kuacha kukoroga. Hakuniruhusu kuondoka hata kuchungulia mvua. Sosi ilipoanza kushika mgongo wa kijiko aliipua. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, inang'aa. Tuliipaka kwenye bawa la kuku, tukaligeuza juu ya makaa, tukagawana. Bibi alilamba vidole vyake kimoja kimoja.

"Huyo Mjapani wenu," alisema, "kwao hawali vibaya."

Nilirudi na sosi yangu kwenye bakuli nikiwa na furaha ya kipumbavu. Nilimpa shemeji kijiko. Hakufumba macho.

"Hii siyo."

"Shemeji, hii ndiyo yenyewe. Ile ya juzi..."

"Ile ya juzi ilikuwa na nguvu. Hii tamutamu tu, chakula cha watoto. Mimi nimekula terijaki, wewe umekula wapi? Mgeni anakuja kesho mchana. Pika kama ile."

Alitoka. Dada alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alinifuata uani nilikokuwa nachambua mkaa.

"Mdogo wangu, fanya anavyotaka."

"Ile imeungua, dada."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikilamba kile kijiko nilipokuwa naosha vyombo," alisema. "Fanya tu anavyotaka, siku ipite."

Nilimtazama. Tangu utoto dada ndiye aliyekuwa akimwambia mama kama mboga ina chumvi au haina. Siku ile nilimdharau kuliko mumewe. Mumewe ulimi hakuwa nao. Yeye alikuwa nao, akaukunja akauweka.

Basi nikafanya. Lakini nisijitakase: sikufanya kwa utii. Kesho yake niliwasha mkaa mwingi, nikamwaga sukari mwanzo, nikakaa pale nikiitazama ikiungua. Nilitaka iungue vizuri. Nilitaka mgeni ateme mbele ya meza, shemeji amesimama na tai yake, watu wote waone. Yule mgeni mwenyewe sikumfikiria hata kidogo. Kwangu alikuwa mdomo wa kutemea tu.

Alifika amelowa, ametoka kuangalia daraja upande wa Isongole. Alikuwa mzee, mfupi, miwani yake imejaa ukungu, suruali ameikunja mpaka magotini. Alinisalimu kwa Kiswahili cha kujifunza, kila neno peke yake. Shemeji alimkalisha, akapiga makofi, nikaleta kuku. Alikuwa mweusi tii.

"Terijaki!" alisema shemeji. "Chakula cha kwenu. Nimemfundisha mpishi mimi mwenyewe."

Nilijibanza nyuma ya pazia la mlango nikasubiri.

Mzee alikata kipande, akakitia mdomoni. Nikaona taya limesimama. Likaanza tena, polepole. Alimeza. Alikunywa maji. Akakata kipande kingine. Shemeji alikuwa akieleza habari za semina, na jinsi Tanzania sasa ilivyofunguka, na jinsi yeye alivyokuwa wa kwanza Rungwe nzima kuona mbali, na yule mzee akaitikia kwa kichwa, akala. Alikula paja lote. Aliifuta ile sosi kwa wali mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kisha akainamisha kichwa kwa shemeji, akasema, "Asante. Kazi kubwa. Ndaga fijo." Shukrani ya Kinyakyusa sijui alifundishwa na nani njiani.

Shemeji aligeuka kumtazama dada kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Nilirudi jikoni nikijisikia vibaya na bado sijajua kwa nini. Nilikuwa nafunika bakuli la sosi ya bibi, niliyokuwa nimeitunza, ndipo yule mzee alipoingia akiwa na sahani yake mkononi, kama wale madereva. Aliniuliza mahali pa kuiweka. Kisha akanusa. Akaliona bakuli. Akanitazama kuomba ruhusa, kisha akachovya ncha ya kidole.

Alichovya tena.

"Hii," alisema, "wewe?"

"Ndiyo."

"Na ile?" Alionyesha mezani.

"Na ile pia mimi."

Alifikiri. Nadhani alikuwa akitafuta maneno, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na alipoyapata yalikuwa machache.

"Kwa nini hii iko hapa?"

Mbele yangu alisimama mtu aliyekula sahani nzima ya masizi ili asimwaibishe mwenye nyumba. Nilimwambia hii ni ya wafanyakazi. Aliinamisha kichwa, si kama alivyomwinamishia shemeji, akaenda chumbani kwake kubadili nguo. Kwa siku sita zilizobaki aliomba ndizi na maharage, asubuhi na jioni, akisema tumbo lake limezoea. Sikuwahi kumpelekea ile sosi nzuri. Kila siku nilisema nitampelekea, na kila siku niliona aibu. Siku ya saba gari la mradi lilikuja kumchukua, na hakulala tena kwetu ingawa daraja lilijengwa mwaka mzima.

"Hawa watu hawana shukrani," alisema shemeji.

Niliacha kazi baada ya Pasaka. Shemeji aliniambia sitafika popote. Nilianza kuchoma kuku kwenye baraza la yule bibi, yeye akiuza viungo upande huu na mimi nikiwa na jiko upande ule. Watu hawakujua kutamka teriyaki, na mimi sikuwasumbua. Waliiita kuku wa kahawia. Walikuja hata waliokuwa wakishusha viazi sokoni, wakala wamesimama. Hoteli ilikufa baada ya miaka miwili, vyumba vikageuzwa stoo ya mitumba, na shemeji akaingia kwenye kamati moja ya maendeleo ambako anaonja maoni ya watu mpaka leo.

Dada huja Jumamosi akitoka sokoni. Anakula bawa moja, haraka, kikapu kikiwa bado mkononi, kisha ananawa mdomo na mikono kwa sabuni kabla ya kurudi nyumbani. Sijamuuliza kwa nini ananawa namna ile. Namwekea sabuni.